Gemu Haijatoka, Bumu Limeshatoka

Najua nimepotea, msinilaumu. Majaribio yalifuatana matatu ndani ya wiki moja, na yalipoisha nikalala siku mbili kama gogo. Sasa nimerudi. Leo siandiki habari za foleni ya mgahawani wala maji kukatika hosteli, hizo mmeshazichoka. Leo ni historia, tena ya kitu ambacho hakuna mhadhiri atakayekuja kutufundisha: kusubiri gemu na sinema zilizotangazwa ambazo hazijatoka.

Chanzo ni ugomvi. Jumamosi iliyopita mwenzangu wa chumbani (tumwite Mzee wa Misheni, mwenyewe kakubali) aliingia anahema. Kuna duka mjini linapokea kianzio cha GTA VI pamoja na PS5 ya kuichezea. Unatoa laki kadhaa sasa, ikitoka unamalizia, unakuwa wa kwanza kupewa. Na bumu lilikuwa limeingia Alhamisi. Sasa bumu hilohilo ndilo linatakiwa limpeleke kwenye mazoezi ya kufundisha. Kapangiwa wilaya ya mbali, nauli na chumba cha kupanga ni juu yake mpaka hela ya mafunzo iingie, na wote tunajua inavyoingia. Nikamwambia, kaka, usitoe. Akanijibu kwamba mimi ni mtu wa Historia na Kiswahili, ya gemu niwaachie wenyewe. Haya, basi ngoja nimjibu kwa historia.

Kwanza ieleweke kwamba mimi siyo adui wa GTA. GTA imenilea. Nikiwa darasa la nne, mtaani kwetu kulikuwa na kibanda cha gemu, televisheni tatu za mgongo na PS2 zilizochoka, unalipa kwa dakika. San Andreas ilitoka Oktoba 2004, sisi tulikuwa tunaicheza 2013 kama vile imetoka jana. Tatizo, mwenye kibanda hakuwa na memori kadi, au alikuwa nayo akaificha, hatukuwahi kujua. Kwa hiyo kila siku CJ anaanza upya: anarudi Los Santos, polisi wanamsimamisha, wanamtupa mtaa wa maadui, anaokota baiskeli, anapiga pedeli mpaka Grove Street. Nimeendesha ile baiskeli mara nyingi kuliko baiskeli ya kweli. Ile misheni ya kufukuza treni kwa pikipiki, Big Smoke kakaa nyuma anapiga risasi hovyo, niliiona kwa wakubwa tu, wale waliokuja na kadi zao mfukoni.

Mwaka huohuo, tarehe 17 Septemba 2013, GTA V ikatoka huko duniani. Ndani ya siku tatu ikaingiza dola bilioni 1. Kufikia 2025 nakala zilizouzwa zilikuwa zimepita milioni 200. Na mimi tangu siku ile nimemaliza la saba, kidato cha nne, cha sita, na sasa nakaribia kuitwa mwalimu. Trela ya kwanza ya namba sita ilikuja Desemba 2023 na ahadi ya mwaka 2025. Mei 2025 wakasogeza mpaka 26 Mei 2026. Novemba 2025 wakasogeza tena mpaka 19 Novemba 2026. Kwa hiyo Mzee wa Misheni simshangai. Mtu kasubiri toka utoto, akisikia kuna mlango wa kuwa wa kwanza, mkono unaenda mfukoni wenyewe.

Lakini tukumbuke somo la mwaka wa kwanza, kutofautisha chanzo na tukio. Tangazo la mkoloni kwamba atajenga reli siyo reli. Ni ushahidi kwamba alisema atajenga, basi. Tarehe ya kutoka kwa gemu ni hivyohivyo. Na ukitaka kujua ahadi ina uzito gani, angalia ahadi za nyuma ziliishia wapi.

Tuanze na waliokurupuka. Mwaka 1933 Marekani walitoa King Kong, watu wakajaa kwenye majumba ya sinema. Wenye studio wakaona hela, na kabla mwaka huohuo haujaisha wakawa wametoa The Son of Kong. Baba mnamjua wote. Mtoto nani anamkumbuka? Halafu 1982 Atari wakachukua haki ya kutengeneza gemu ya filamu ya E.T., wakataka iwe sokoni kwa Krismasi. Mtengenezaji wake, Howard Scott Warshaw, alipewa kama wiki tano tu. Gemu ikawa unatumbukia kwenye mashimo, unatoka, unatumbukia tena. Kaseti zikawabakia, na mwaka 1983 Atari wakapeleka shehena ya kaseti zao kwenye dampo la Alamogordo, New Mexico, wakafukia. Watu walidhani ni uzushi mpaka lilipochimbwa mwaka 2014, zikakutwa pale pale, E.T. zikiwa ndani. Hiyo ni akiolojia kabisa jamani, teh teh.

Hapo Mzee wa Misheni akaruka: "Si ndiyo hivyo! Wakichelewesha maana yake wanapika vizuri." Akanitolea na ule msemo kwamba gemu iliyochelewa mwishowe huwa nzuri, ila mbovu inabaki mbovu milele, eti kasema Shigeru Miyamoto wa Nintendo. Sasa mnaona umuhimu wa kuuliza chanzo? Watu wameufuatilia msemo huo miaka na miaka, hawajapata mahali Miyamoto alipousema. Ni maneno yaliyokuwa yakizunguka kwa watengeneza gemu, yakapachikwa kwa mkubwa ili yapate heshima. Tena siyo kweli kila mara.

Mfano ni Duke Nukem Forever. Ilitangazwa mwaka 1997. Wakaulizwa itatoka lini, jibu likawa ikikamilika. Wakabadilisha mitambo ya kuitengenezea, wakaanza upya, kampuni ikaishiwa, wengine wakaichukua, ikatoka Juni 2011. Miaka 14! Mtoto aliyezaliwa siku ya tangazo alikuwa kidato cha pili. Na ilipotoka ilikuwa imepitwa na wakati, wengi waliichezea hasira tu. Kumbe kuchelewa peke yake hakupiki kitu. Sufuria inaweza kukaa jikoni siku nzima moto umezima.

Mfano wa pili ndio unaonitisha, kwa sababu unafanana na wa kwetu. Cyberpunk 2077 ilitangazwa 2012 na CD Projekt wa Poland. Hawa hawakuwa wababaishaji, ndio waliotoa The Witcher 3 mwaka 2015, gemu iliyosifiwa kila kona. Ikapangwa Aprili 2020. Ikasogezwa Septemba. Ikasogezwa 19 Novemba 2020 (angalieni hiyo tarehe, siku na mwezi ni vilevile vya GTA VI!). Oktoba wakatangaza kazi imekwisha, na mwezi uleule wakasogeza tena mpaka 10 Desemba. Watu milioni 8 walikuwa wameshalipia kabla. Wanahabari walioandika tathmini mapema walipewa ya kompyuta, siyo ya PS4 wala Xbox One. Siku ilipofika, wenye PS4 wakakuta gemu inakwama, sura za watu hazijakamilika, inazima yenyewe. Kama wiki moja baadaye Sony wakaiondoa kwenye duka lao la mtandaoni na kuwarudishia hela walionunua humo. Ilirudi Juni 2021.

Nimweke sawa Mzee wa Misheni hapa. Cyberpunk haikubaki mbovu. Waliendelea kuirekebisha mpaka Septemba 2023 ilipotoka na nyongeza ya Phantom Liberty, na leo ukimwuliza aliyeicheza atakwambia ni moja ya gemu kali. Sasa nani aliifaidi? Yule aliyengoja miaka mitatu, akainunua nzima na bei imeshuka. Aliyelipa wa kwanza alilipa zaidi akapewa pungufu.

Sisemi kila ucheleweshaji ni mkosi. Aprili 2019 ilitoka trela ya filamu ya Sonic, yule mdudu wa bluu kawekewa meno ya binadamu, dunia nzima ikapiga kelele. Wakaisogeza kutoka Novemba 2019 mpaka Februari 2020, wakamchora upya, filamu ikafanya vizuri hadi zikaja sehemu ya pili na ya tatu. Mad Max: Fury Road ilitoka 2015, miaka 30 baada ya iliyotangulia, ikabeba Oscar 6. Tofauti yao na Duke ni nini? Kwa maoni yangu ni hii: wa Sonic walijua hasa wanarekebisha nini. Wa Duke walikuwa wanafukuza kila kitu kipya walichokiona kwa jirani.

Haya, Rockstar wenyewe historia yao inasemaje? GTA IV ilipangwa Oktoba 2007, ikatoka Aprili 2008, ikawa nzuri. Red Dead Redemption 2 ilisogezwa mara mbili, ikatoka Oktoba 2018, wengi wanaiona ndiyo kazi yao bora. Hapo wana haki ya kuaminiwa, nakubali. Lakini Novemba 2021 walitoa ule mkusanyiko wa GTA tatu za zamani zilizofanyiwa ukarabati, San Andreas ikiwemo. San Andreas yangu! Mvua inaonekana kama nyuzi nyeupe, watu wamevimba, maandishi ya mabango yamekosewa. Kampuni ikaomba radhi hadharani. Kazi ilikuwa imefanywa na wengine, lakini jina kwenye jalada lilikuwa ni lilelile. Kwa hiyo hata nyumba nzuri ina siku zake mbaya, na siku hiyo haitangazwi mapema.

Kuna na jambo la mashine. GTA VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series pekee. Historia inaonyesha ya kompyuta huja nyuma: San Andreas ilikuja Juni 2005, GTA IV Desemba 2008, GTA V Aprili 2015. Mara zote wenye kompyuta walifika mwisho, na mara zote walifika. Gemu siyo nyanya, haiozi.

Nigusie na sinema kidogo, maana kuna watakaoniuliza kuhusu Avengers: Doomsday. Mwaka 2022 ilitangazwa kwa jina lingine, The Kang Dynasty, itoke Mei 2025. Tarehe ikaenda Mei 2026, Julai 2024 jina likabadilika, Robert Downey Jr. aliyekufa kama Iron Man akarudishwa awe adui, Doctor Doom. Mei 2025 ikasogezwa mpaka 18 Desemba 2026. Mimi naona ukimrudisha mtu uliyemzika kwa heshima zote ni dalili ya woga. Naweza kukosea, na nikikosea nitacheka. Sinema ikiwa mbovu nimepoteza saa tatu na hela ya tiketi, nitalalamika njiani mpaka hosteli yaishe. Bumu la kwenda kufundishia halina "yaishe".

Kwa hiyo kaka yangu, kabla hujatoa, jiulize matatu. Hicho unacholipia kimeonekana kikichezwa kwenye mashine utakayonunua, au umeona trela? Tarehe imesogezwa mara ngapi, na walieleza wanarekebisha nini? Na ikisogezwa tena, hela yako iko mkononi mwa nani?

Hili la tatu ndilo lililomtoa chumbani. Jana jioni alikwenda dukani kuuliza. Akaambiwa hela ikishaingia hairudi, ila ikishindikana atachukua bidhaa nyingine ya thamani hiyo. Akauliza kama nini. Wakamwonyesha pasi na feni. Karudi kimya, kalala kwa nguo, hata chai hakunywa. Sijamcheka, naapa. Nilijua anachosikia, maana na mimi nimewahi kusimama nyuma ya wakubwa wenye kadi mfukoni, nikingoja zamu ambayo dakika zangu hazikutosha kuifikia.

Asubuhi ameniomba laptopu. Amekuta San Andreas humo, niliiweka mwaka wa pili. Ninavyoandika haya yuko kwenye ile misheni ya treni, jaribio la sita, anamtukana Big Smoke kwa lugha zote anazozijua. Angalau hapa anaweza kuhifadhi alipofikia.

Ngoja niishie hapa, Jumatatu nina semina na sijasoma hata ukurasa. Wenye mawazo tofauti nipo, tukutane kwenye viti vya nje ya maktaba. Alamsiki.