Matofali, Kiti na Kitanda: Habari za Mama Mwenye Utungu

Wasikilizaji wetu, wahenga walisema, "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo." Methali hii hutumiwa katika mambo mengi, lakini leo twaichukua kwa maana yake ya asili, kwa kuwa mazungumzo yetu ni juu ya kazi ya ukunga yenyewe. Tumekusudia kueleza jinsi mama walivyokaa wakati wa utungu tangu zamani hata sasa: ni wapi walichutama, ni wapi walikalishwa kitini, na kwa sababu gani wengi walikuja kulazwa chali kitandani. Isidhaniwe kuwa hii ni habari ya wanawake peke yao. Kila mmoja wetu alizaliwa na mwanamke, na kila mwenye mke au binti yampasa kuijua.

Na tuanze Misri. Mwanamke wa Misri ya kale, saa yake ilipofika, alichutama au alipiga magoti juu ya matofali ya udongo, akaacha nafasi katikati ili mkunga aweze kumpokea mtoto. Wamisri waliyaheshimu mno matofali hayo, hata wakawa na mungu wa kike wa matofali ya uzazi, jina lake Meskhenet. Kwa muda mrefu wataalamu waliyajua kwa maandishi na michoro tu. Lakini mwaka 2001 wachimbuzi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, wakiongozwa na Josef Wegner, walifukua tofali moja la namna hiyo huko Abydos, katika mabaki ya nyumba ya liwali wa mji. Urefu wake ni sentimeta 35 hivi, upana sentimeta 17, na umri wake wapata miaka 3,700. Limechorwa kwa rangi picha ya mama aliyempakata mwanawe mchanga, na wanawake wa kumsaidia wako pande zake mbili.

Wasomao Taurati watakumbuka habari ya Shifra na Pua, wakunga walioamriwa na Farao kuwaua watoto wanaume wa Waebrania. Katika amri ile limo neno la Kiebrania ambalo wataalamu wengi hulifasiri kuwa ni mawe mawili, yaani mahali alipokaa mwenye kuzaa. Na wasomao Sura ya Maryamu katika Kurani wajua jinsi utungu ulivyompeleka Bibi Maryamu kwenye shina la mtende. Katika habari hizo mbili hatuoni kitanda.

Katika dola ya Roma, mwanzo wa karne ya pili baada ya kuzaliwa Kristo, aliishi mganga aitwaye Soranus, mwenyeji wa Efeso. Alitunga kitabu cha ukunga, na ndani yake alieleza kiti cha uzazi: kiti chenye tundu mfano wa mwezi mwandamo, chenye mahali pa kushika kwa mikono na pa kuegemea kwa mgongo. Alitaka wawepo wanawake watatu wa kusaidia, wawili ubavuni na mmoja nyuma ili mama asiyumbe, na mkunga aketi mbele, chini kidogo ya mzazi. Lakini Soranus hakuwa mtu wa amri moja kwa wote. Mama aliye dhaifu, alisema, azalie kitandani.

Kiti hicho kilidumu Ulaya kwa karne nyingi. Mwaka 1513 mganga Mjerumani, Eucharius Rösslin, alipiga chapa kitabu cha mafunzo ya wakunga, na humo mna picha ya kiti cha uzazi. Katika nchi kadhaa za Ulaya mkunga alikuwa na kiti chake mwenyewe, akakipeleka nyumba hata nyumba, kama fundi apelekavyo vyombo vyake.

Basi mageuzi yalianza lini? Wengi humtaja François Mauriceau, mganga wa Paris, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1668. Yeye alikikataa kiti, akashauri mama azalie kitandani mwake, asipate taabu ya kuhamishwa baada ya kujifungua. Tusimsingizie, lakini. Mauriceau hakusema mama alale kama gogo. Alitaka kichwa na kifua viinuliwe, asiwe amelala wala asiwe ameketi. Ni waliomfuata walioushusha mto kidogo kidogo.

Na walikuwa na sababu zao. Katika karne ile ile ukoo wa Chamberlen huko Uingereza ulikuwa na koleo la kuzalishia, nao uliificha siri yake kwa zaidi ya miaka 100. Koleo lilipojulikana, waganga wanaume walizidi kuingia chumba cha uzazi, na mwenye kushika koleo apenda kuona mbele yake palipo wazi. Kisha, mwaka 1847, James Young Simpson wa Edinburgh alianza kuwapa wazazi klorofomu ili wasisikie maumivu. Na mwaka 1853 Malkia Victoria mwenyewe aliivuta alipomzaa mwanawe Leopold, akihudumiwa na daktari John Snow. Maumivu yalipungua, jambo ambalo hakuna mzazi atakayelibeza. Lakini mtu aliyelewa dawa ya usingizi hawezi kuchutama wala kuketi kitini. Hana budi kulazwa. Hata hivyo madaktari hawakuafikiana juu ya namna ya kulaza. Uingereza desturi yao ilikuwa kumlaza mama kwa ubavu wa kushoto, na bara ya Ulaya walimlaza chali. Hapo twaona kuwa kila nchi ilifuata mazoea yake.

Jambo la tatu ni hospitali. Katika Marekani, mwaka 1900, hawakutimia wanawake 5 katika 100 waliozalia hospitali. Mwaka 1940 walikuwa wamepita nusu. Kwetu Afrika Mashariki, ambako katika makabila mengi mama alichutama au alipiga magoti huku mwanamke mwenziwe akimshika kwa nyuma, kitanda cha kuzalia kilikuja pamoja na hospitali. Huko Uganda Albert Cook alianzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, na mkewe, Bibi Katharine Cook, akajitahidi sana katika kuwafundisha wakunga. Mafunzo ya namna hiyo yaliwaokoa mama wengi na watoto wengi, kwa usafi na kwa ustadi. Hatuna haki ya kuyasahau. Ila mama aliyekuwa akitembea, akiinama na kuchutama kwa kadiri mwili ulivyomwamuru, sasa aliambiwa apande, alale, anyamaze.

Je, kulala chali kuna ubaya gani? Tazameni mwili wenyewe. Nyuma ya mji wa mimba umepita mshipa mkubwa urudishao damu moyoni. Mama alalapo chali, uzito wa mimba huukandamiza, damu ikapungua kurudi, naye aweza kuona kizunguzungu, na mtoto akapata hewa kidogo. Tena kifandugu, mfupa mdogo wa mwisho wa uti wa mgongo, hurudi nyuma kumpisha mtoto. Lakini ukilaliwa, wazuiliwa. Na mama akiwa wima, uzito wa mtoto humsaidia kushuka.

Haya yamepimwa, si maneno ya kubuni. Mwaka 2013 wataalamu walikusanya majaribio 25, yenye wanawake zaidi ya 5,200, wakaona kwamba waliotembea au kukaa wima katika sehemu ya kwanza ya utungu walipunguziwa muda wa saa 1 na dakika 22 hivi kuliko waliolala. Mwaka 2017 walikusanya majaribio mengine 32 juu ya wakati wa kusukuma, kwa wasiochomwa sindano ya ganzi mgongoni. Waliokaa wima walikatwa mara chache zaidi, na mara chache zaidi walihitaji kuvutiwa mtoto kwa vyombo. Lakini ilionekana pia kuwa huenda baadhi yao walipoteza damu nyingi zaidi. Kwa hiyo mkunga asiondoke karibu. Na kwa wazazi wa kwanza waliochomwa sindano ile ya ganzi, jaribio la Uingereza lililotangazwa mwaka huo huo lilionyesha kuwa kulala kwa ubavu ndiko kulikowafaa zaidi.

Shirika la Afya Duniani nalo limenena. Katika mkutano uliofanywa Fortaleza, nchi ya Brazili, mwaka 1985, ilishauriwa kwamba mama asilazwe chali na kuinuliwa miguu, bali atiwe moyo kutembea, na awe huru kuchagua mkao wa kuzalia. Mwaka 2018 shirika hilo lilirudia shauri kama hilo katika maongozi yake juu ya uzazi. Kwa hiyo elimu mpya imekutana njiani na matofali ya Wamisri.

Hatusemi kwamba kitanda kitupwe. Yako mambo ambayo daktari hawezi kuyafanya ila mama amelala, na yapo masaa ambayo kubishana naye ni kuhatarisha roho mbili. Tunalosema ni kwamba kulala chali kuwe kwa sababu, si kwa mazoea ya chumba. Utungu ukianza, mama na atembee. Ukizidi, aweza kusimama akauegemea ukuta au kitanda, au kupiga magoti na mikono chini ikiwa mgongo wamwuma, au kuchutama akishikwa na mwenziwe, au kulala kwa ubavu wa kushoto akichoka. Abadilishe kila aonapo haja, maana mkao uliofaa saa moja huenda usifae saa ya pili.

Na hayo yaulizwe mapema, si siku ya utungu. Mama anapohudhuria kliniki, na aulize kwa adabu: "Dada mkunga, hapa mwaturuhusu kutembea? Naweza kuzaa nikiwa nimepiga magoti?" Mume aliyemsindikiza asione haya kuuliza pia. Mkunga mwema hatachukizwa na swali hilo, na jibu lake litampa mama nafasi ya kujua atakalotarajia siku itakapofika.