Kanuni ya Kitanzi ya Kirchhoff na Istilahi za Umeme Unaopembea

Mfasiri wa vitabu vya sayansi hukabiliwa na kishawishi cha kutumia neno moja kwa dhana mbili, madhali vipimo vyake ni vimoja. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha, kwa njia ya historia, hasara ya jambo hilo katika somo la umeme.

Mwaka 1845, Gustav Robert Kirchhoff, akiwa mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Königsberg, alitoa kanuni mbili. Ya kwanza yasema kwamba mikondo inayoingia katika makutano ya waya hulingana na inayotoka. Ya pili yahusu kitanzi, yaani njia ya umeme inayorudi pale ilipoanzia: tukizidisha mkondo wa kila sehemu kwa ukinzani wake, kisha tukajumlisha, tutapata jumla ya misukumo ya umeme iliyomo katika kitanzi hicho. Yafaa tukumbuke kwamba Kirchhoff alishughulikia mikondo isiyobadilika, itokayo katika betri.

Umeme unaopembea ulifahamika kwa njia nyingine. Mwaka 1842, huko Princeton, Marekani, Joseph Henry alipitisha umeme wa chupa ya Leyden, ambayo ni kapasita ya kale, katika waya uliozungushiwa sindano za chuma. Sindano zilipata usumaku, lakini mara nyingine kwa upande usiotazamiwa. Henry akafasiri kwamba umeme huenda na kurudi mara nyingi kabla ya kutulia. Mwaka 1853, William Thomson alilithibitisha jambo hilo kwa hesabu. Hakuanzia katika kanuni ya kitanzi, bali katika nishati: ile inayopungua katika kapasita huongezeka katika mkondo, na sehemu yake hupotea kama joto. Mwishoni mwa miaka ya 1850, Berend Wilhelm Feddersen alizitazama cheche za umeme huo kwa kioo kinachozunguka, akaziona zikigawanyika katika vipindi vinavyofuatana.

Hesabu hiyo yaweza pia kupatikana kwa kanuni ya kitanzi, mradi tuuhesabu msukumo uliogunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831. Mkondo wa koili ukibadilika, usumaku wake hubadilika, na badiliko hilo huzaa msukumo unaolipinga. Basi katika saketi ya kapasita na koili isiyo na ukinzani, volteji ya kapasita husawazishwa na msukumo huo wakati wote. Chaji ikiisha katika kapasita, mkondo haukomi. Koili huuendeleza hadi kapasita ijae kwa upande wa pili, na safari ya kurudi huanza. Koili ya milihenri 1 na kapasita ya mikrofaradi 1 hupembea mara 5,033 hivi kwa sekunde.

Hapa ndipo penye suala la istilahi. Tukisema kwa ufupi kwamba “jumla ya volteji zote katika kitanzi ni sifuri,” hesabu itatoka sawasawa, lakini mwanafunzi mwerevu atauliza: waya usio na ukinzani umepataje volteji? Jibu limo katika neno tulilolifuta. Ule ni msukumo uliozaliwa na usumaku unaobadilika. Si tofauti ya volteji iliyosababishwa na chaji. Vyote viwili hupimwa kwa volti, lakini asili zao ni mbalimbali. Wala kuuita msukumo huo “nguvu” hakufai, kwa kuwa nguvu hupimwa kwa nyutoni.

Hali kadhalika, kitenzi “kutetema” chatosha kwa uzi wa zeze, ambao husogea kwa macho yetu. Kwa umeme tunapendelea “kupembea,” kwani mtoto aliye juu ya pembea hupita katikati kwa kasi kubwa kuliko mahali pengine, kama vile mkondo unavyofikia kilele chake wakati kapasita haina chaji.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba wafasiri na walimu wadumishe “msukumo” na “tofauti ya volteji” kuwa istilahi mbili, na kanuni ya kitanzi iandikwe kwa mpangilio wa Kirchhoff mwenyewe: misukumo upande mmoja, matumizi yake upande wa pili. Sentensi itarefuka kidogo, lakini mwanafunzi atajua kila kipimo kimetoka wapi.