Nguo, Neno na Zawadi: Ras Kisimani katika Historia ya Kanga

Ras Kisimani iko kwenye ncha ya magharibi ya kisiwa cha Mafia, ikielekea milango ya mto Rufiji. Mji uliokuwapo hapo zamani, ambao wanaakiolojia huuita Kisimani Mafia, umeliwa na bahari kwa sehemu kubwa. Kilichobaki ni mabaki ya kuta, vigae, na sarafu ndogo za shaba ambazo zimekuwa zikiokotwa mchangani baada ya maji kukupwa. Neville Chittick alifanya uchimbaji hapo katika miaka ya 1960, na sarafu hizo ndizo zinazothibitisha kwamba mji huu ulikuwa ndani ya himaya ya kibiashara ya Kilwa. Msomaji anaweza kuuliza mahali hapa pana uhusiano gani na mada ya zawadi zenye maneno, yaani vitu ambavyo mtu humchagulia mwenziwe kwa ajili ya hadithi au usemi ulioambatana navyo. Uhusiano upo, na unaanza na sarafu zenyewe.

Sarafu za Kilwa zina sifa moja isiyo ya kawaida. Upande mmoja umeandikwa jina la mtawala, na upande wa pili yameandikwa maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizi mbili zimefungwa kwa kina. Anayesoma jina la sultani kisha akaigeuza sarafu hupata kipande cha pili kinachoitikia cha kwanza kama mishororo ya shairi. Maneno ni ya Kiarabu, lakini tabia ya kutopenda kifaa kipite mkononi kikiwa bubu ni ya pwani hii, na imedumu. Haifai hata hivyo kuvuta hoja hii mbali mno. Sarafu si kanga, na hakuna ushahidi wowote kwamba watu wa Kisimani waliandika semi juu ya nguo zao. Linaloweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba nguo, zawadi na neno vilikwisha kukutana katika fikra za watu wa pwani karne nyingi kabla ya mashine ya kwanza kuchapa leso.

Ushahidi mkubwa zaidi umo katika hadithi ya asili ya Kilwa. Hadithi hii imefika katika mikono ya wasomi kwa njia tatu: muhtasari wa Kireno uliotolewa na João de Barros mwaka 1552, matini ya Kiarabu iliyochapishwa na S. A. Strong mwaka 1895, na masimulizi ya Kiswahili yaliyokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1907. Matini hizi zinatofautiana katika majina na nasaba, ila zote zina nguo. Mgeni kutoka Shirazi anafika kisiwani, anamkuta mwenyeji ambaye ndiye mwenye nchi, naye anataka kukinunua kisiwa. Katika matini ya Kiarabu, bei anayotajiwa ni nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Mgeni anakubali, nguo zinatandazwa, nyeupe, nyeusi na za kila rangi, mpaka duara linakamilika. Mwenyeji anachukua nguo zake na kuvuka kwenda bara akiwa na nia ya kurudi kwa vita, na mgeni naye anachimba mkondo ili pasivukike tena kwa miguu.

Jambo linalomhusu mwanaisimu hapa ni lakabu. Katikati ya matini ya Kiarabu, mtawala huyu anatajwa kwa jina la utani la Kiswahili: Nguo Nyingi. Ni maneno mawili tu, lakini yanahesabiwa miongoni mwa vipande vya zamani vya Kiswahili vilivyohifadhiwa katika maandishi ya historia ya pwani. Mwandishi alikuwa na Kiarabu cha kutosha kuitafsiri lakabu hiyo, lakini hakuitafsiri. Bila shaka aliona kwamba jina likitafsiriwa hadithi inapotea, kwa kuwa watu walimkumbuka mtawala kwa kile alichotoa, wala si kwa ukoo wake. Wanahistoria wamebishana kuhusu tarehe: matini yenyewe inarudi nyuma hadi karne ya 10, na Chittick aliisogeza nasaba ya Washirazi hadi mwishoni mwa karne ya 12. Mabishano hayo hayagusi hoja ya hapa. Hadithi inasema jinsi watu walivyoelewa kwamba nchi inaweza kupatikana kwa nguo, na kwamba baina ya zawadi, bei na hila hapana ukuta mnene.

Masimulizi ya Kilwa pia yanaiunganisha Mafia na ukoo huo wa kwanza. Kwa hiyo watu wa Kisimani hawakuwa wasikilizaji wa mbali wa hadithi ya nguo. Ilikuwa hadithi ya watawala wao.

Karne kadhaa baadaye, mwaka 1331, Ibn Battuta alifika Kilwa na kumkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Kisa anachokisimulia Ibn Battuta kinastahili kusomwa kwa makini kuliko kinavyosomwa kwa kawaida. Fakiri kutoka Yemeni anamsimamisha sultani akitoka msikitini siku ya Ijumaa, anamwomba nguo alizovaa. Sultani anaingia nyumbani kwa khatibu, anavua, anavaa nyingine, anampa. Mwanawe, ambaye ndiye mrithi, anazichukua nguo zile kwa fakiri na kumpa badala yake watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu wanavyokisifu kitendo hicho, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Kisa hiki husimuliwa kama mfano wa ukarimu. Lakini ndani yake wamo watu ishirini waliotolewa kama vitu, na hakuna hata mmoja aliyetajwa jina. Fakiri aliomba nguo; mwishowe nguo zilirudi kwa mwenyewe na binadamu ndio waliogawiwa. Sifa za ukarimu katika maandishi ya kale ya pwani hazina budi kusomwa pamoja na hesabu hiyo. Ibn Battuta anaongeza kwamba Daud, aliyerithi kiti baada ya al-Hasan, alikuwa kinyume chake, kwani mwombaji akimjia humjibu kwamba mtoaji amekwisha kufa na hakuacha kitu. Jibu hilo la ubahili limesafiri karibu karne saba pamoja na sifa za ukarimu.

Msamiati wa zawadi katika Kiswahili unathibitisha kwamba nguo ilikuwa kiini cha utoaji. Maneno ya jumla ni ya mkopo: zawadi lina asili ya Kiarabu katika shina linalohusu masurufu ya safari, na hidaya vilevile ni la Kiarabu. Lakini tukishuka kwenye zawadi mahususi, hasa za ndoa, tunakuta majina ya nguo. Mkaja ni kitambaa anachojifunga mzazi tumboni baada ya kujifungua. Ndilo jina la anachopewa mama wa bibi harusi. Ubeleko umetokana na mbeleko, nguo ya kumbebea mtoto mgongoni, nao ni haki ya mama huyo huyo. Kilemba hupewa upande wa wanaume, na hupewa pia fundi au mwalimu pale mwanafunzi anapohitimu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye desturi alizoziandika zilichapishwa na Velten mwaka 1903, anazitaja ada za namna hii katika maelezo yake ya harusi. Fedha ndiyo inayotolewa mara nyingi, lakini jina linabaki kuwa la nguo, kwa sababu jina ndilo linalosema fedha hii ni ya nini. Mkaja unamwambia mama: tumbo lako lililombeba huyu halikusahauliwa. Mtu akiita ada hiyo hiyo malipo, amemtukana. Na lugha haikukosa kuweka onyo lake ndani ya msamiati huo huo: anayesifiwa kwa uongo husemwa kwamba amevikwa kilemba cha ukoka.

Mfano mwingine, wa namna tofauti, ni Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, aliyemtungia binti yake utenzi yapata mwaka 1858. Alikuwa mgonjwa, na alifariki miaka michache baadaye. Katika utenzi huo mama anayaita mawaidha yake hirizi na kidani, pambo la kuvaliwa shingoni. Hapa neno lenyewe ndilo zawadi, na kitu kinachovaliwa ni sitiari tu. Kanga, iliyozuka muda si mrefu baada ya hapo, iligeuza mpango huo: kitu cha kuvaliwa kikawa kweli, na neno likachapwa juu yake.

Historia ya kanga inajulikana vya kutosha, japo kwa kutatanisha. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa waliacha kununua leso mojamoja, wakawa wananunua vipande vya leso sita na kuvishona viwe shuka moja. Jina leso limetokana na Kireno. Jina kanga ni la ndege mwenye madoadoa. Wafanyabiashara wakaanza kuagiza nguo iliyochapwa nzima, yenye pindo na mji, ikiuzwa kwa doti. Usemi uliongezwa mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa hati za Kiarabu na baadaye za Kirumi, na mara nyingi sifa hiyo hupewa Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye alama yake ya Mali ya Abdulla ilifahamika pwani nzima. Nguo zilichapwa Uingereza, Uholanzi, India na Japani. Baada ya uhuru zikachapwa pia nchini, hasa katika kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968. Wapo wanaohitimisha kwa historia hiyo kwamba jina la kanga ni hila ya muuzaji. Hitimisho hilo ni dhaifu. Muuzaji aliweza kuchapa neno, lakini hakuweza kuwalazimisha wanunuzi wazichague nguo kwa neno hilo. Walifanya hivyo kwa sababu utoaji wa nguo ulikuwa tayari ni usemaji.

Uchaguzi wenyewe ni kazi ya lugha yenye hatari zake. Doti ya kisutu kwa bibi harusi haina utata, kwa kuwa rangi zake nyekundu, nyeusi na nyeupe zimekwisha kusema kabla ya maandishi. Kanga ya mama yenye usemi Nani kama mama ni salama vilevile: sentensi haina kitenzi, ni swali lisilongoja jibu, na haimgusi mtu wa tatu. Ugumu huanza pale usemi unapokuwa na nafsi ya pili. Usisafirie nyota ya mwenzio ni methali ya hekima ikisemwa barazani. Ikiletwa na wifi imekunjwa vizuri ndani ya mfuko, inahitaji kutafakariwa. Aliyetoa hakusema kitu, kiwanda ndicho kilichosema. Akiulizwa, atajibu kwamba alipendezwa na rangi, na hakuna wa kumkanusha. Saida Yahya-Othman katika makala yake ya mwaka 1997, na Rose Marie Beck katika kitabu chake cha mwaka 2001, wameonyesha kwa njia mbalimbali kwamba utata huu ndio unaoifanya kanga ifae kwa mazungumzo ambayo hayaruhusiwi kwa mdomo. Linalohitaji kuongezwa ni upande wa mpokeaji. Mpokeaji akiivaa, ameukubali usemi au ameugeuza kuwa wake dhidi ya mwingine. Akiificha sandukuni, amejibu. Kanga isiyovaliwa ni jibu linalosomeka mtaa mzima.

Mafia ina hadithi yake kuhusu hatari ya kukaribisha na kukaribishwa, na ndiyo inayosimuliwa zaidi kuhusu Kisimani. Watu wa Kisimani waliunda chombo, wakawaalika watu wa Kua, mji uliokuwa kisiwani Juani, waje kwenye sherehe ya kukishusha majini. Katikati ya karamu wakawakamata watoto wa wageni wao, wakawalaza mchangani, chombo kikapita juu yao. Watu wa Kua walinyamaza kwa miaka. Kisha wakawaalika watu wa Kisimani kwenye harusi. Wageni wakateremshwa katika chumba kilichokuwa chini ya nyumba. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, akabaki mzee akiwatumbuiza, huku mlango ukijengwa kwa mawe. Mzee alifungiwa pamoja nao.

Kama tarehe, hadithi hii ina mashaka, kwani kipindi cha fahari ya Kisimani kilitangulia sana kile cha Kua, mji uliohamwa baada ya mashambulizi ya Wasakalava kutoka Bukini mwanzoni mwa karne ya 19. Kama ushahidi wa fikra ni nzito. Uhalifu wote mawili umefanywa kupitia matukio ambayo kwayo watu wa kisiwa hupeana: kushusha chombo na kuoza. Msimulizi hakuhitaji kuleta silaha, mwaliko ulitosha. Na fimbo ya mwisho haikushikwa na sultani wala jemadari, bali na mzee aliyepewa kazi ya kuongea, ambaye maneno yake matamu yaliwaziba wageni masikio wasisikie mawe yakipangwa.

Huko Kua kuta bado zimesimama, na mgeni huonyeshwa magofu na kusimuliwa kisa. Kwa upande wa Kisimani hakuna jengo la kuonyeshwa. Ufuko unaendelea kumomonyoka, na sarafu zenye vina huibuka au huzama kwa kadiri ya bamvua. Wanawake wa kisiwani wanaotaka doti ya harusi huagiza Dar es Salaam, na anayetumwa huelezwa kwanza usemi unaotakiwa, kisha rangi, na mwisho bei.