Majilio Yaliyoingia Uani

Jumapili ya tatu ya Majilio mwaka 2024, tarehe 15 Desemba, Wakatoliki wa Dar es Salaam walisomewa Injili ambayo makutano wanamwuliza Yohane Mbatizaji wafanye nini. Yohane anawajibu kama mtu aliyewahi kukaa sokoni: mwenye nguo mbili amgawie asiye nayo, mtoza ushuru asizidishe kiwango, askari asimwonee mtu. Maneno hayo yalisikika wakati hata mwezi haujatimia tangu ghorofa liporomoke Kariakoo, mtaa wa biashara jijini, tarehe 16 Novemba, na kuua zaidi ya watu 20. Juni ya mwaka huohuo, wafanyabiashara wa hapo walikuwa wamefunga maduka wakilalamikia kodi.

Injili na mtaa vimekutana jijini humu tangu zamani.

Wabenediktini kutoka Ujerumani walipofungua misheni Pugu mwaka 1888, miongoni mwa watu wao wa kwanza walikuwa watumwa waliokombolewa. Januari 1889, katika vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, misheni ilivamiwa na baadhi ya wamisionari wakauawa. Baadaye shirika lilijikita mjini, na kati ya 1897 na 1902 likajenga Kanisa la Mtakatifu Yosefu, mnara wake ukitazama bandari.

Kariakoo ina chimbuko lingine. Jina lake ni Carrier Corps iliyotamkwa na Waswahili: wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Maelfu yao hawakurudi kwao.

Ni Kariakoo hiyohiyo ambako TANU, chama kilichopigania uhuru, ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, ikiongozwa na Mkatoliki aliyekuwa akifundisha Pugu, Julius Nyerere. Uhuru ulipopatikana, 9 Desemba 1961, ilikuwa Jumamosi ya juma la kwanza la Majilio, na sikukuu hiyo huangukia kipindi hicho kila mwaka. Kwa Mwalimu, imani na haki havikutengana. Oktoba 1970, akizungumza na masista wa Maryknoll huko Marekani, alionya kwamba Kanisa lisiposhiriki kupinga mifumo inayowadumisha watu katika umaskini, litakosa maana kwao.

Mageuzi makubwa zaidi yalikuja kimyakimya. Katika mikutano yao ya 1973 na 1976, maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogondogo. Tanzania ilikuwa imeshazoea mfumo wa TANU wa kuunganisha nyumba kumikumi, na Kariakoo ilikuwa na mahali pa kukutania: nyumba ya Kiswahili, vyumba huku na huku, ukumbi katikati, ua nyuma, Mwislamu na Mkristo mlango kwa mlango. Jumamosi alfajiri wanajumuiya hukusanyika kwa mwenzao, husali, husoma Injili ya Jumapili, kisha huulizana: nani mgonjwa, nani kafiwa, nani kakwama kodi ya chumba? Mchango hupitishwa papo hapo.

Majilio huiongezea desturi hiyo kasi. Wakati wa noveni ya Noeli, kuanzia 16 Desemba, mchele, mafuta, sabuni na nguo hukusanywa kwa ajili ya wagonjwa, wajane na vituo vya watoto. Ari hiyohiyo ya kujaliana ilizaa PASADA, huduma ya Jimbo Kuu la Dar es Salaam kwa wenye virusi vya UKIMWI, mwaka 1992: ilianza na kikundi kidogo cha watu wanaoishi na virusi hivyo, waliokutana kutiana moyo wakati wengi walipowakimbia.

Leo nyua za Kariakoo zinatoweka. Nyumba za chini zinavunjwa, maghorofa ya maduka yanapanda, na wapangaji wengi wamehamia pembezoni mwa jiji, wakaanzisha jumuiya huko. Waliobaki mchana kutwa ni wachuuzi, wasukuma mikokoteni na vijana wanaopandisha marobota ngazi kwa ngazi. Mtaa uliopewa jina la wapagazi bado unabebwa na wapagazi, na Desemba ndio mwezi wanapobeba mizigo mingi zaidi. Jumuiya za mjini zikiulizana Jumamosi hizo nani kaumia na nani kakosa, majina ya vijana hao yanastahili kutajwa.