Risasi ya Malkia: Habari za Kusawazisha Darubini ya Bunduki

Wasikilizaji, leo nitawasimulia habari za risasi moja iliyopigwa tarehe 2 Julai, 1860, katika uwanja wa Wimbledon karibu na London. Mwaka uliotangulia, Waingereza walianzisha Chama cha Taifa cha Bunduki ili raia wajifunze kupiga shabaha, na siku hiyo mashindano yake ya kwanza yalifunguliwa na Malkia Victoria mwenyewe. Shabaha ilikuwa umbali wa yadi 400. Malkia akavuta kamba ya hariri, bunduki ikalia, na risasi ikapiga inchi 1 na robo tu kutoka katikati. Watu wakashangilia sana.

Je, Malkia alikuwa hodari wa kulenga? La. Bunduki ile hakuishika mikononi. Ilikuwa imefungwa imara juu ya egemeo, nayo ilikwisha kuelekezwa kwa uangalifu na fundi Joseph Whitworth wa Manchester. Kazi kubwa ilikuwa imekwisha kabla kamba haijavutwa.

Whitworth alikuwa bingwa wa vipimo na parafujo. Alipotakiwa na serikali kuchunguza bunduki, alijenga banda lenye urefu wa yadi 500, ili upepo usimharibie majaribio, akatundika humo karatasi nyembamba, moja nyuma ya moja. Risasi ilipopita ilizitoboa, na matundu yakamwonyesha njia yake. Kisha akatengeneza mtutu wenye pembe 6 ndani. Mwaka 1857 bunduki yake ilishindanishwa na Enfield, bunduki ya jeshi, kwa yadi 500. Risasi za Enfield zilipotea kwa kadiri ya futi 2 na zaidi. Zake kwa inchi 4 na nusu hivi.

Lakini bunduki ikiwa nzuri, jicho la mtu halioni mbali. Kwa hiyo mafundi wakafunga darubini juu ya mtutu. Huko Marekani fundi Morgan James alizitengeneza kabla ya mwaka 1850, na katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hata 1865, bunduki chache za Whitworth zilifungwa darubini ya Davidson ubavuni.

Hapo likazuka jambo ambalo wengi hulisahau hata leo. Jicho huona kwa mstari ulionyoka, lakini risasi haiendi hivyo: tangu itokapo mtutuni huvutwa chini na uzito wake. Tena darubini na mtutu havikai mahali pamoja. Basi mistari hiyo miwili haikutani penye shabaha mpaka mtu aikutanishe, na kazi hiyo ndiyo kusawazisha.

Hufanywa hivi. Bunduki huegemezwa juu ya mfuko wa mchanga, na shabaha huwekwa karibu kwanza, yadi 25, ili risasi isikose karatasi. Kisha husogezwa hata yadi 100. Mpigaji hupiga risasi 3 au zaidi akilenga palepale, maana risasi moja yaweza kudanganya, bali kundi la matundu husema kweli. Kundi likiwa chini kwa inchi 2, huzungusha parafujo ya darubini. Katika darubini nyingi za siku hizi kila mlio mdogo wa parafujo huhamisha pigo kadiri ya robo inchi kwa yadi 100. Basi atahesabu milio 8 kwenda juu, apige tena. Akibadili aina ya risasi, huanza upya.

Asiyefanya hivyo hulaumu mkono wake, au bunduki, au upepo, na kosa li katika parafujo. Naye awindaye na darubini isiyosawazishwa humjeruhi mnyama akaenda kufa kwa mateso porini.

Wale walioshangilia Wimbledon waliona kamba ikivutwa. Hawakuiona kazi ya miaka iliyotangulia, banda lile, na karatasi zilizotobolewa. Mwenda pole hajikwai.