Meno bandia

Meno bandia (pia: meno ya bandia) ni kifaa kinachovaliwa kinywani badala ya meno yaliyong'oka au kung'olewa. Humsaidia mtu kutafuna, kutamka maneno vizuri na kurudisha umbo la uso. Makala hii inaeleza pia utunzaji wake katika mazingira ya Njombe na Makambako, miji ya Nyanda za Juu Kusini nchini Tanzania.

Aina

Meno bandia kamili huchukua nafasi ya meno yote ya taya moja, nayo hushikiliwa hasa na utando mwembamba wa mate kati ya kifaa na ufizi. Meno bandia ya sehemu huziba mapengo tu, yakishikizwa kwa vikono vya waya au chuma kwenye meno yaliyobaki.

Historia

Katika karne ya 18 meno bandia ya Ulaya na Marekani yalichongwa mara nyingi kutokana na meno ya kiboko na pembe za ndovu. George Washington (1732–1799), rais wa kwanza wa Marekani, alivaa ya namna hiyo. Hadithi kwamba yalikuwa ya mbao si kweli. Baada ya Charles Goodyear kupata hataza ya kuimarisha mpira mwaka 1844, mpira mgumu ulitumika kutengenezea sehemu inayokaa juu ya ufizi. Tangu miaka ya 1930 nafasi yake ilichukuliwa na plastiki ya akriliki.

Utengenezaji

Daktari huchukua vipimo vya kinywa, kisha fundi wa maabara hupanga meno kwenye nta ili yajaribiwe kabla ya kutengenezwa kwa akriliki. Kwa hiyo mgonjwa hurudi mara kadhaa. Makambako na Njombe zimeachana kwa takriban kilomita 60, hivyo ni vema kuuliza mapema idadi ya safari na gharama.

Baada ya meno kung'olewa, mfupa wa taya huendelea kupungua. Ndiyo maana meno yaliyokaa vizuri mwanzoni huweza kulegea baadaye na kuhitaji kurekebishwa.

Utunzaji

* Yasafishwe kila siku kwa mswaki laini na sabuni ya kawaida. Dawa ya meno huweza kuyakwaruza.
* Yasioshwe kwa maji ya moto. Njombe ina baridi kali, hasa Juni na Julai, na maji ya kunawia huchemshwa. Lakini maji ya moto hupinda akriliki.
* Yavuliwe usiku na kuwekwa ndani ya maji safi. Kulala nayo huchangia fangasi wa kinywa.
* Yaoshwe juu ya beseni lenye maji ili yasivunjike yakianguka.
* Yakivunjika, yasiunganishwe nyumbani kwa gundi.
* Ufizi na ulimi visafishwe pia.

Anayeanza kuyavaa aanze na vyakula laini, kama parachichi na viazi vya kuchemsha vinavyolimwa kwa wingi mkoani Njombe, akitafuna pande zote mbili. Mahindi ya kuchoma yasubiri.

Dalili za hatari

Kidonda kisichopona kwa wiki mbili, doa jeupe au jekundu lisiloondoka, au uvimbe kinywani huhitaji kuchunguzwa na daktari, kwani huweza kuwa dalili ya saratani. Asiye na jino hata moja bado anahitaji uchunguzi wa kinywa mara kwa mara.