Nyumba Yetu Ilikuwa na Jina Jingine Maktabani

Neno la kwanza nililoandika kwenye kompyuta ya maktaba lilikuwa "zidaka". Nilikuwa mwaka wa tatu wa masomo ya usanifu majengo, Nairobi, nimebakiwa na wiki mbili kupeleka pendekezo la utafiti, na nyumbani Lamu ukuta wa chumba cha ndani ulikuwa umeanza kumomonyoka. Jibu la kompyuta: hakuna kitu.

Ngoja nieleze kidogo, kwa msomaji ambaye hajaingia nyumba ya mawe ya Kiamu. Ukipita daka, penye baraza za wageni, unatokea kiwandani, uwanja mdogo ulio wazi juu. Kutoka hapo vyumba vimelazwa kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini, msana wa yuu, halafu ndani. Vyote ni virefu na vyembamba, upana mita tatu hivi au pungufu, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haifiki mbali zaidi ya hapo. Kila unapoingia, faragha inazidi. Na huko mwisho ndiko kuliko na ukuta wa zidaka: vishubaka vya chokaa, safu juu ya safu, ambamo ziliwekwa sahani na bakuli za kaure.

Nyumba yetu ya Mkomani ni ya bibi, mamake mama. Alipewa alipoolewa, kama ilivyokuwa desturi ya waungwana: nyumba ni ya binti, mume ndiye anayehamia. Mjomba, ambaye ndiye angelipa mafundi, alitaka ukuta wote upigwe saruji na zidaka zizibwe.

"Mashimo ya vumbi tu haya," aliniambia kwenye simu. "Wewe ndiye msomi. Niandikie sababu moja ya kuyaacha."

Basi nikarudi maktabani. Nilipoandika "Swahili" pamoja na "house" nilipata makala kadhaa, karibu zote za miaka ya 1970 na kuendelea. Kabla ya hapo, kimya. Nikadhani hakuna aliyewahi kutazama. Nilipomuuliza mkutubi, mama mmoja asiyeharakishwa na mtu, alivua miwani akaniambia, "Unatafuta kwa jina mnalojiita nyinyi. Hebu jaribu jina waliloandika wao."

Nikaandika "Arab". Yakaja mengi.

James Kirkman, aliyechimba Gedi na pia Takwa kisiwani Manda, alitoa kitabu mwaka 1954 ambacho jalada lake linaiita Gedi mji wa Kiarabu. Peter Garlake alipochapisha mwaka 1966 michoro yake ya misikiti, makaburi na nyumba za pwani nzima, kazi ambayo mpaka leo mwanafunzi wa usanifu hawezi kuikwepa, jina alilochagua lilikuwa la usanifu wa Kiislamu wa awali. Neno Waswahili halimo kwenye jina hilo. Matumbawe ni ya bahari yetu, boriti ni za mikoko yetu, lakini ukifuata majalada tu utaamini wajenzi walishuka chomboni, wakajenga, wakaondoka zao.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba katalogi nayo ina historia. Kila kitabu huingia rafuni na maoni ya wakati wake, na maoni yakibadilika kitabu hubaki na jina lilelile. Anayetafuta kwa neno moja atasoma nusu ya hadithi, na hatajua kwamba ni nusu.

Nusu ya pili nayo ilikuwepo. Jarida la Azania, lililoanzishwa 1966 na taasisi ya Waingereza ya Nairobi, lilichapisha mwaka 1974 makala ya James de Vere Allen, aliyewahi kusimamia Makumbusho ya Lamu, akitaka utamaduni wa Waswahili ufikiriwe upya. Usam Ghaidan, msanifu kutoka Iraki aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, aliandika mwaka 1973 makala nzima juu ya kazi ya chokaa ya Waswahili, na mwaka 1975 kitabu juu ya mji wa Lamu wenyewe. Kisha, kuanzia 1980, Mark Horton akachimba Shanga, kisiwani Pate. Chini ya msikiti wa mawe alikuta misikiti midogo iliyotangulia, ya miti, mmoja juu ya mwingine, kurudi hadi karne ya 8. Yaani watu walikuwepo kwanza. Mawe waliyafikia baadaye, pole pole, palepale walipokuwa wakiishi.

Makala iliyonikalia zaidi kichwani sikuipata kwa kutafuta. Ilikuwa sura ya Linda Donley ndani ya kitabu cha mwaka 1982 kilichohaririwa na Ian Hodder, kitabu cha akiolojia ambacho jina lake halitaji Lamu wala nyumba. Niliiona kwenye tanbihi ya mtu mwingine. Tangu siku hiyo makala huanza kuzisoma kutoka mwisho. Donley aliiona nyumba ya Lamu kama chombo cha mamlaka: nani anafika mpaka wapi, nani anaishia barazani, na nani anafanya kazi humo bila kuwa wa humo. Aliwazungumzia watumwa.

Likizo ilipofika nilipanda basi mpaka Mokowe, nikavuka na fotokopi zangu kwenye mfuko wa plastiki. Bibi alinikalisha msana wa yuu. Nilimsomea, nikitafsiri njiani. Nilipotaja zidaka alicheka: kwani hilo lilihitaji kwenda Nairobi? Kisha nikamuuliza orofa ya tini, ambayo sisi wajukuu tuliijua kuwa stoo.

"Tini kwalikuwa na watu," alisema.

"Watu gani, bibi?"

"Watu." Akaitazama kaure moja iliyobaki kidakani, bakuli lenye ufa. Baada ya muda mrefu akataja majina mawili ya wanawake, aliyoyasikia kwa nyanyake. Hakuongeza kitu, nami sikumlazimisha. Niliyaandika kwa penseli pembeni mwa fotokopi.

Mjomba nilimwandikia sababu mbili. Ya kwanza ni ya kiufundi: ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na chumvi, chokaa huviachia vitoke, saruji huvifungia ndani mpaka ukuta unaoza kwa siri. Ya pili ilinichukua usiku mzima. Nilimwambia kwamba zile kaure hazikupangwa na mikono ya waungwana peke yake, wala hazikufutwa vumbi na wao. Tukiziba ukuta, tutakuwa tumefukia kitu cha mwisho nyumbani humu ambacho wale wanawake wawili walikigusa.

Hakunijibu juu ya hiyo ya pili. Alipiga simu wiki iliyofuata kuuliza bei ya chokaa.

Fundi aliyekuja, mzee wa Mkomani, aliitazama michoro yangu, akairudisha kwa adabu. "Hii naijua," alisema, "ila hapa wamekosea mstari." Akanionyesha ukutani kwa kidole. Nilisahihisha kwa penseli ileile. Kisha akaagiza chokaa ilowekwe, na akatuonya tusimsukume. Chokaa, alisema, haina haraka ya saruji.

Pendekezo langu la utafiti lilichelewa siku nne. Kwenye orodha ya maneno ya kutafutia, ambayo kila makala hutakiwa kuwa nayo mwanzoni, niliandika "Swahili", nikaandika "Arab" ili atakayekuja baada yangu asipotee, halafu nikaandika "zidaka".